Tairi Pana

Fundi wa kushona viti vya magari, ambaye mtaa mzima ulimwita Nadhifu, hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kila kitu kipendeze. Akikuta uzi umepinda kwenye mgongo wa kiti, alifumua mshono wote akaanza upya, hata kama mwenye gari amekaa nje anatazama saa. Kwa hiyo kigari cha mkewe kilimkera siku nyingi. Kilikuwa cha zamani, chenye tairi nyembamba zilizoinuka juu, na wenzake wa karakana walikicheka: eti kina miguu ya kuku.

Mkewe alikuwa mkunga. Zahanati yake ilikuwa ng'ambo ya machimbo ya kokoto, mwisho wa barabara ya udongo ambayo malori yaliilima mpaka ikabaki mifereji miwili mirefu. Yeye alikipenda kigari chake kilivyo. Mpira wa tairi zile ulikuwa mrefu kutoka rimu hadi chini, ukayameza mashimo mikono yake isijue.

Siku moja mumewe alichukua ufunguo bila kusema lolote. Jioni alilirudisha gari limevaa rimu kubwa zinazong'aa na tairi pana, mpira wake mfupi kama ukanda uliozungushwa kwenye chuma. Alikuwa amejinyima mengi kwa ajili hiyo. Akasimama pembeni, mikono ameikunja, akingoja kuuona uso wa mkewe. Mkunga akacheka, akamshukuru kutoka moyoni. Mama yake Nadhifu, aliyekuwa akiishi nao, akatoka akipapasa ukuta kwa sababu ya macho yake, akaligusa gurudumu moja na kusema gari sasa limeolewa.

Kwenye lami gari lilitulia kama maji mtungini. Taabu ilianza kwenye udongo. Tairi pana ziliitafuta mifereji ya malori zenyewe, na zikishaingia, usukani ulivuta huku, ukavuta kule, kama kitu unachonyang'anywa mikononi. Mkunga akigonga shimo, pigo lilipanda moja kwa moja hadi viwikoni. Akikata kona kali, tairi ilikwaruza bodi kwa ndani. Alifika kazini vidole vinatetemeka, na mkunga asiye na vidole vilivyotulia hana kazi.

Alimwambia mumewe. Nadhifu akasema viatu vipya hubana, lakini mguu huzoea. Alimwambia tena, akajibiwa kuwa anashika usukani kwa woga. Mara ya tatu walikuwa mezani, na hakuna aliyetania.

"Gari linanishinda," mkunga alisema. "Si kwamba silipendi. Linaenda linakotaka lenyewe."

"Kwa hiyo nizing'oe, nichekwe upya?" Nadhifu alisukuma sahani. "Endesha polepole."

Kesho yake mkunga alipita kwa fundi tairi wa njiapanda, aliyezifunga zile mpya. Yule alimwambia tairi za zamani bado anazo nyuma ya kibanda, kuzirudisha ni kazi ya muda mfupi. Mkunga alikuwa tayari kumwachia ufunguo. Lakini aliona amwambie kwanza mama mkwe, kwa kuwa hawakuwa wakifichana kitu.

"Mwanangu, zawadi ya mume hairudishwi mchana kweupe," mama alisema. "Niachie mimi. Huwa ananisikia akiwa peke yake. Vumilia kidogo."

Mkunga akavumilia. Mama alikuwa akitafuta wasaa mzuri, na wasaa huo haukuwahi kupatikana. Nadhifu alirudi amechoka, au alirudi na rafiki, au mama mwenyewe alikuwa amekwisha kulala.

Mvua zilipokatika, mifereji ilikauka, kingo zake zikawa ngumu kama matofali. Asubuhi hiyo mkunga alikuwa akimpeleka mama kwa daktari wa macho. Mama alikaa mbele, mkoba mapajani, akiuliza wamefika wapi na kama jirani fulani ameshapaka nyumba yake rangi. Walikuwa wakienda mwendo wa baiskeli.

Lori la kokoto likatokea mbele yao. Mkunga akaukata usukani ili alipishe. Magurudumu hayakutoka, ubavu wa tairi ulijikaza kwenye ukingo wa mfereji na gari likaendelea kwenda mbele, kulielekea lori. Akaukata zaidi, kwa nguvu zake zote. Ndipo tairi ikaupanda ukingo ghafla, na kwa kuwa magurudumu yalikuwa yamekwisha kugeuka sana, gari liliruka kando kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Usukani ulijizungusha, ukamvunja kifundo cha mkono. Gari likaangukia mtaro, upande wa mama.

Dereva wa lori aliteremka akakimbia kusaidia. Mkunga alikwisha kuweka vidole vya mkono mzima shingoni mwa mama mkwe. Alikuwa ameshika shingo nyingi kazini, hakuhitaji kuambiwa.

Msibani nyumba ilijaa. Habari iliwatangulia watu: mwanamke kaua mama mkwe kwa gari. Shemeji mkubwa aliuliza, kwa adabu, kama alikuwa akikimbiza. Mkunga akasema hapana. Wote wakamgeukia Nadhifu, ambaye alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango.

"Barabara ile mbovu," alisema, akainama.

Mkunga akaenda kukaa jikoni na mkono wake uliofungwa plasta. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walimpa mgongo alipoingia. Wifi yake hakumpa hata kiti.

Baada ya mazishi ndugu walikutana kugawana vitu vya marehemu. Wifi alisema khanga za mama zisiguswe na aliyemwua. Alilisema hilo bila kupaza sauti. Mkunga akaanza kunyanyuka aondoke.

"Kaa," Nadhifu akamwambia mkewe. Halafu akawageukia ndugu zake. "Aliniambia. Si mara moja. Aliniambia gari linamshinda tangu nilipobadili tairi. Mimi nikamwambia anaogopa."

"Na msibani tulipouliza?" kaka yake akauliza.

"Nilisikia mnauliza."

Kaka mkubwa alichukua kofia yake akatoka, na tangu hapo hajakanyaga pale. Wifi alilia, akazikunja khanga, akaondoka nazo zote. Hakumwomba mkunga radhi, wala mkunga hakuitegemea. Alichokitaka ni kimoja tu: neno lile lisemwe siku ile mumewe alipoulizwa, wakati mama yuko bado ndani ya nyumba.

Mfupa uliunga vibaya. Mkono wa kulia hauwezi tena kumpokea mtoto anayetanguliza miguu, na zahanati ikamhamishia dirisha la dawa, ambako anahesabu vidonge na kusikia akina mama wakilia chumba cha pili. Mara nyingine mkunga mpya hutoka kumwuliza jambo, naye humwelekeza kwa mdomo.

Hawakuachana. Jumapili yeye hufua, mumewe hukamua, kwa kuwa mkono ule hauwezi kukamua. Nadhifu hukamua kila nguo mpaka tone la mwisho, anampa, yeye anaanika. Wakimaliza, mmoja huingia ndani, mwingine hubaki uani.