Radhi ya Watu Wawili

Nilirudi shuleni Januari, mtoto wangu akiwa na miezi mitano, na mtu wa kwanza kunipokea getini alikuwa Baraka, baba wa mtoto huyo. Alikuwa amevaa tai mpya na beji ya kaka mkuu. Alinitazama viatu, akafungua daftari la wachelewaji, akaniuliza jina.

"Hulijui?"

"Jina na kidato," akasema, kalamu mkononi.

Nikamtajia. Lusungu, kidato cha tatu, kwa mara ya pili. Akaliandika kwa makosa.

Mwaka uliotangulia tulikuwa darasa moja, mimi na yeye, katika sekondari moja ya kata huku Rungwe. Jina la shule naliacha, maana mkuu wake angefurahi kuliona limechapwa mahali. Mimba ilipojulikana mwezi wa nne, aliitwa mama yangu kutoka Mpuguso, na mimi nikaambiwa nikusanye madaftari. Upande wa Baraka aliitwa baba yake, Mzee Ambindwile, mjumbe wa bodi ya shule na mzee wa kanisa. Huyo alikaribishwa chai ofisini. Akasema mwanawe bado mtoto, amerubuniwa. Mimi nilimzidi huyo mtoto miezi miwili.

Kisha ukaja waraka wa wizara kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi. Mkuu wa shule, Mwalimu Nsajigwa, aliushika mbele yangu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

"Serikali imesema urudi. Sawa. Lakini shule hii ina maadili." Akanisukumia karatasi aliyoiandika mwenyewe. "Jumatatu utaisoma mstarini, mbele ya shule nzima. Ni ya kuomba radhi. Ukimaliza, kaka mkuu atakupokea kwa niaba ya wanafunzi."

"Nani atanipokea, Mkuu?"

"Kaka mkuu. Ndio utaratibu."

Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya utani. Hakukuwa na kitu. Alimjua baba wa mtoto, alikunywa chai na babu yake, na bado aliona utaratibu umekaa vizuri. Mpaka siku ile nilikuwa namwogopa Mwalimu Nsajigwa. Nilitoka ofisini siwezi tena kumwogopa, hata ningejilazimisha.

Nyumbani nilimsomea mama ile karatasi. Mama yangu, Agness, alikuwa anamenya ndizi, mtoto mgongoni. Aliniambia nirudie pale penye neno tamaa.

"Na Baraka ameandikwa wapi?"

"Hayumo."

"Basi hiyo barua haijaisha." Akaendelea kumenya. "Gwe Lusungu, unataka kusoma au unataka kupendwa?"

"Kusoma."

"Haya. Mchukue mwanao umnyonyeshe."

Jumatatu kulikuwa na ukungu, bendera haionekani vizuri hata kwa sisi tuliosimama karibu nayo. Wanafunzi mia nne walijipanga wakijikunyata ndani ya masweta. Walimu walikuwa upande wao, mikono mifukoni. Baraka alisimama kando ya Mkuu ameshika kengele, mgongo umenyooka, anasubiri kunipokea.

Nikaanza kusoma. "Mimi Lusungu, kwa tamaa zangu mwenyewe, nilijipatia mimba na kuiaibisha shule..."

Nikarudia sentensi ile kwa macho. Kwa mujibu wa Mwalimu Nsajigwa, mimba niliipata peke yangu, kama mtu anavyopata mafua.

"Endelea," akasema.

"Naomba kuuliza, Mkuu. Hapa pameandikwa nilijipatia. Mwalimu Zakia alitufundisha uzazi kwenye biolojia, na hakusema hivyo."

Kicheko kilianzia kwa wasichana wa kidato cha nne. Mwalimu Zakia, ambaye kwao wana duka la vitambaa mtaa wa Bagamoyo, pale mjini Tukuyu, aliinamisha kichwa akawa anaangalia viatu vyake. Mabega yalikuwa yanamcheza.

"Soma nilichoandika!"

"Nitasoma. Lakini radhi tutaomba tukiwa wawili. Baraka, njoo usimame hapa."

Nyuso mia nne zikamgeukia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini namwita yeye. Walijua wote, na walimu walijua, na walikuwa wamekuja kwenye baridi ile kunisikiliza nikijifanya sijui. Hilo ndilo lililonichefua kuliko karatasi yenyewe.

"Mimi simo," Baraka akasema. Sauti ilimkatikia katikati.

"Humo wapi?" msichana mmoja akauliza kutoka nyuma, na shule ikaangua kicheko.

"Kimya!" Mkuu akapiga hatua mbele. "Hili si jambo la hadharani!"

"Hata mimi nilishangaa kuletwa nalo hadharani, Mkuu."

Nikaikunja karatasi, nikampa kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa kuwapa wakubwa, nikaenda darasani. Nilikaa nikafungua daftari, nikaandika tarehe.

Mchana Mzee Ambindwile alifika na koti lake la kanisani. Mama naye aliitwa.

"Binti huyu amemdhalilisha mwanangu," mzee akasema. "Aondoke leo hii."

Mkuu akavuta kalamu. Mama alimsubiri mpaka akaifungua.

"Ukiandika, Mwalimu, andika na sababu. Andika kwamba amefukuzwa kwa kumwita baba wa mtoto wake. Mimi mwenyewe nitaipeleka halmashauri."

Kalamu ikarudi mezani. Mama akamgeukia mzee.

"Na wewe, ugonile, nakusalimu. Mjukuu wako ameota jino. Tangu azaliwe hujauliza hata jina."

Mzee Ambindwile akaanza kutafuta kofia yake kwenye viti, juu ya kabati, chini ya meza. Ilikuwa kichwani mwake. Hakuna aliyemwambia.

Sikufukuzwa. Nilipewa dawati la mwisho, kwenye dirisha lisilo na kioo, na mvua za Tukuyu mnazijua. Mkuu alinishauri niache fizikia na kemia, eti mzazi haziwezi. Nikawa wa kwanza kuingia maabara. Mwezi wa tatu alirudi Hellen wa kidato cha pili, naye ameacha mtoto nyumbani. Hakupewa karatasi yoyote.

Baraka hakuvuliwa beji. Aliivaa mpaka siku ya mahafali, akapigiwa makofi, kisha matokeo yakatoka akawa amepata sifuri. Baba yake aliwaeleza watu kanisani kwamba nilimvuruga akili. Mimi nilipata daraja la pili, na sasa nasomea utabibu Mbeya, mwaka wa pili.

Pasaka iliyopita nilikuwa sokoni Tukuyu na mwanangu, Alinanuswe. Baraka akatokea katikati ya mafungu ya ndizi, akasimama, akatabasamu kama mtu anayeomba lifti.

"Mtoto hajambo?"

"Si huyo hapo. Muulize."

Akamtazama mtoto. Akajikuna shingo. Miaka minne, na hakuwa na swali hata moja la kumwuliza.

"Mama, huyu nani?" Alinanuswe akaniuliza.

"Tulisoma naye," nikamjibu, nikamwonyesha mkungu wa ndizi nilioutaka, ashike upande mmoja.