Kopo la Kakao Ndani ya Injini

Pikipiki ya Injinia ilikuwa ikifika nyumbani kabla ya Injinia mwenyewe. Akiwa bado kona ya mwisho, mkewe alishasikia ka-ka-ka-ka na kuinjika chai. Jina hilo la Injinia tusilikuze. Majirani walimpa siku alipotengeneza pasi, ikazima taa za mtaa mzima. Kazi aliyoifanya hadi kustaafu ilikuwa kutunza stoo ya madaftari, na daftari, kwa bahati yake, halina injini.

Wiki hiyo mkewe akatoa neno la mwisho.

"Jumapili nakwenda kwa dada. Nitapanda hilo dude lako. Likiniaibisha njiani, linakwenda kwa mnunua vyuma chakavu."

"Likuaibishe? Mama watoto, pikipiki hii imepanda milima ambayo ndege huizunguka!"

"Milima nimeshaisikia. Mimi nasema kelele."

Injinia akanywea. Tangu astaafu, pikipiki ile ndiyo kitu pekee kilichokuwa kikimngoja asubuhi.

Akaifungua uani, juu ya gunia. Alipotoa kifuniko cha juu cha injini akamwona mchawi wake. Roka, kile kimkono cha chuma kinachobinya valvu ifunguke, ilikuwa ikiteleza kushoto na kulia kwenye pini yake kama mlevi asiyekumbuka mlango wake. Dawa ni washa, kile kiduara chembamba cha bati cha kupunguza upenyo wa pembeni. Washa hana. Akaingia jikoni, akatoka na kifuniko cha kopo la kakao la mkewe, akakikata duara kwa mkasi, pia wa mkewe, akakisugua kwa msasa na kukivisha kwenye pini. Roka ikatulia, ikabaki na upenyo wa unywele.

Mtu mwenye akili zake angefunga hapohapo.

"Bado inacheza kidogo," akanung'unika.

Mkewe, aliyekuwa akianua nguo, akachungulia. "Si uiache? Mimi hata pete, jua likiwaka inanibana."

"Bibie, sifanyi kazi nusunusu."

Akakata washa ya pili, akaisukumiza kwa nyundo. Sasa roka haikusogea pembeni hata kwa kubembelezwa.

Jumapili pikipiki iliwaka kimya kiasi kwamba paka aliyelala chini yake alichelewa kuamka. Mkewe akapanda, mkoba mapajani, akasema, "Haya, leo umeweza." Injinia akavimba kifua hadi kifungo kimoja cha shati kikaaga dunia.

Walipofika kwenye ua wa zahanati, injini ikakohoa, ikazima. Hapo ndipo Injinia alipoielewa ile habari ya pete. Chuma kikipata moto huvimba, na roka aliyoibana ilishindwa kurudi mahali pake, valvu ikabaki wazi. Injini ikipoa ingewaka tena. Shida ni kupoa bila mkewe kujua.

"Nimesimama uone maua," akasema.

"Maua?"

"Yale mekundu. Miaka yote nilitaka kukuleta uyaone, kazi zikanizidi."

Mkewe akamtazama, akayatazama maua. Baadaye injini ikawaka.

Ikazima tena darajani. Safari hii alisimama ili mkewe apumzishe mgongo. Akavua kofia, akaanza kupepea.

"Mbona unaipepea injini?"

"Upepo unapitia kwake ukija kwako."

Mara ya tatu ikazima mbele ya geti lenye lundo la mabati na mizani kubwa. Mnunua vyuma chakavu akatoka akifuta mikono.

"Shikamoo mzee! Hatimaye umeniletea?"

"Marahaba. Hapana, nimesimama..." Injinia akaangaza macho. Maua hakuna. Mgongo alishautumia. "Nimesimama mke wangu aone mabati."

Mkewe akashuka. Akaitazama mizani, kisha pikipiki, kisha mumewe aliyeng'ang'ania usukani kama mtu anayeaga ndugu kwenye stendi.

"Kijana," akasema, "una spana?"

"Ninazo, mama. Tuanze kung'oa tairi?"

"Mpe huyu. Baba watoto, toa kimoja."

"Kimoja nini?"

"Kipande cha kifuniko cha kopo langu! Tangu kwenye maua nanusa kakao inaungua."

Injinia akafungua injini mwenyewe, kichwa chini, mnunua vyuma akimshikia boliti na kuuma midomo asicheke. Washa ya pili ikatoka imepinda. Alipowasha, injini ikaunguruma vizuri, na kwa mbali, ka... ka... ka.

"Imebaki kelele kidogo," akasema kwa sauti ndogo.

"Iache. Dada atasikia tunakuja, ainjike chai." Akapanda.

Kwa dada, chai ilikuwepo. Injinia akaegemea kiti, miguu akainyoosha. "Shemeji, leo nimemtembeza mdogo wako! Kila penye maua, nasimama. Kila penye..."

Mkewe akafungua mkoba, akatoa kile kiduara cha bati kilichopinda, akakiweka kwenye kisosi cha mumewe. Kling.

Injinia akanywa funda moja, akakohoa.

"Lakini shemeji, niliwahi kukusimulia ile milima?"