Utando wa Bluu

Mume wangu Tokuji ana miaka sabini na moja, na amekuwa aking'arisha chuma tangu akiwa na kumi na tano. Hapa Tsubame, mji wa Japani wa mafundi chuma, hilo si ajabu, nusu ya mtaa wetu wanakula kwa kazi hiyo. Ajabu ni ukaidi wake. Ukimwomba jambo moja, atakufanyia hilo moja na juu yake ataongeza lake, tena bure.

Jumatatu alitujia Dakta Orikasa wa chuoni, mwanamke mwembamba utadhani anakula sikukuu kwa sikukuu. Akafungua kiboksi. Mlikuwa na vibomba kumi na viwili vya wavu wa chuma, vyote rangi ya bluu, kila kimoja chembamba kama njiti ya kiberiti. Ndizo hizo stenti, ambazo daktari huzipenyeza kwenye mshipa wa moyo ulioziba, akazitanua kwa kiputo ili damu ipite.

"Tatizo, mama, mwili haupendi chuma kitupu," akaniambia. "Damu huganda juu yake. Ndiyo maana nimevivika utando, mwembamba sana, damu ipite bila kushika."

"Na utando wenyewe unakaa?"

"Unakaa mpaka kibomba kitanuliwe. Hapo unapasuka."

Miaka sita ameuhangaikia, na mara nne umempasukia. Ijumaa lilikuwa jaribio la mwisho. Ukipasuka tena, chuo kinaifunga kazi yake. Kwetu alitaka kidogo tu, tulainishe midomo miwili ya kila kibomba.

"Midomo tu, mzee," akasisitiza.

"Midomo tu," Tokuji akajibu.

Jumatano akarudi kuvichukua. Aliinama juu ya kiboksi, akavigeuza kimoja kimoja.

"Mzee, ile bluu iko wapi?"

"Nimeitoa yote," Tokuji akasema, na uso umemchanua. "Usinilipe. Sikutaka uaibike mbele ya wenzako."

Hapo nikaelewa. Kwetu chuma kikigeuka bluu, maana yake umekikandamiza kwenye gurudumu la kung'arishia mpaka kikaungua. Ni aibu kubwa. Marehemu baba mkwe aliwahi kumrushia Tokuji kijiko cha bluu usoni, mbele ya wateja. Kumbe bluu ya dakta haikuwa kuungua. Ilikuwa ndiyo utando wenyewe, na kwake jambo hilo lilikuwa wazi kiasi kwamba hakuona haja ya kulitaja.

Hakufoka. Ningefurahi angefoka. Alitoka akasimama kwenye theluji bila koti, nami nikamgeukia mume wangu.

"Baba, umeambiwa midomo. Wewe huna masikio?"

Alikuwa ameshika kitambaa chake, rangi imemtoka.

Nilimfuata dakta na koti lake. "Mwanangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Huwezi kuvivika tena?"

"Mashine inahitaji siku nzima."

"Basi unayo kesho. Nenda."

Akaenda, na Ijumaa asubuhi Tokuji akavaa suti ya misibani. Nilinunua boksi la vitumbua vya maharage matamu, maana mkono mtupu haulambwi, sembuse mkono wa mtu aliyekuja kuomba radhi. Tulipofika maabara jaribio lilikuwa linaanza. Wakubwa wawili wa chuo walikaa mbele ya skrini, na Dakta Orikasa alishika bomba la kutia upepo. Tokuji hakwenda hata hatua tatu. Aliinama palepale mlangoni, mgongo sambamba na sakafu, boksi mikononi.

"Inuka, mzee," dakta akasema. Hakuinuka.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona. Kwenye skrini kibomba kilikuwa kikubwa kama daraja, bluu tupu. Kiputo kikajaa, wavu ukafunguka taratibu, kona zikajikunja. Nilingoja nyufa. Mmoja wa wakubwa akasogeza lenzi kona baada ya kona, akarudia upya, kisha akavua miwani. Hapakuwa na ufa hata mmoja.

"Utando ni uleule," Dakta Orikasa akasema polepole. "Kilichobadilika ni chuma kilicho chini yake, kimelainika mpaka konani. Mzee, kona za ndani ulizifikiaje? Mashine zetu haziziwezi."

"Kwa uzi wa pamba na dawa ya kung'arishia," Tokuji akaiambia sakafu. "Bluu ilikuwa imejificha humo. Nilipitisha uzi kila tundu."

Matundu hayo ni mamia, na vibomba ni kumi na viwili. Nimeishi na mikono hiyo miaka arobaini na sita, nikiilalamikia kwa kuchafua mataulo yangu, na siku ile niliionea fahari. Dakta alikuwa analia waziwazi, hajali wakubwa zake.

Nikamvuta Tokuji koti. "Baba, inuka utazame."

Tokuji akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba apewe kimoja, hicho kilichotanuliwa, kama hakina kazi tena.

Nyumbani hakuvua hata suti. Alikiweka mbele ya picha ya baba yake, kando ya kibakuli cha wali tunaomtolea marehemu, akapiga magoti.

"Baba," akasema, "hiki ni cha bluu. Na hakifutwi."