Vyuma vya Tanuri la Mwanasiti

Vyuma vinne vilivyobeba mabati ya mikate juu ya makaa vilibonyea polepole, kama mgongo wa punda mzee. Hakuna aliyevigonga. Mwaka wa nne mikate ikaanza kutoka imelala upande mmoja, na Mwanasiti akasema neno lake Ijumaa, watu wanatoka msikitini: "Ilyasi alinipa chuma kibovu. Chuma kizuri hakipindi bila kupigwa."

Fundi Ilyasi aliapa mpaka sauti ikakauka. Nani angemsikiliza? Mtaa mzima wa Buyenzi ulijua Mwanasiti hasemi ovyo. Fundi mwingine akaweka vyuma vipya.

Haukupita mwaka na nusu, asubuhi moja mjukuu wa Mwanasiti, Houda, anayesoma mambo ya madini chuo kikuu, akachungulia tanurini.

"Bibi, hata hivi vipya vimebonyea. Moto hauzimwi humu?"

"Apana! Tanuri la marehemu mama halikupoa hata siku moja."

"Basi ndiyo hiyo. Ndani ya chuma kuna chembe zimepangwa mistari, kama maharage kwenye sinia. Lakini hapa na pale pana nafasi tupu. Chuma kikikaa chekundu siku zote, nafasi zinaongezeka. Chembe inahamia penye tupu, inaacha tupu nyuma, nyingine inaingia. Na uzito unavuta chini. Jicho halioni."

"Hata chuma kizuri?"

"Hata kizuri, Bibi. Kile kilichochanganywa vema kinachelewa tu. Cha Ilyasi kilikaa miaka mingapi?"

Unga ulimkaukia Mwanasiti vidoleni. Minne.

Alimkuta Ilyasi kwake, mtaa wa Kamenge, anaziba ndoo. Kazi kubwa, kama mageti ya chuma, hakuna aliyemletea tena.

"Karibu, mama wa maneno," akasema bila kuinua macho.

"Kaka, nimekukosea. Ni moto wangu. Chuma chako kilikuwa kizuri."

"Mi nilikusamehe zamani. Lakini hayo unaniambia mi? Mi nilikuwa najua. Ulisemea wapi?"

"Mulangoni mwa msikiti."

"Ehe."

Ijumaa Mwanasiti akasimama palepale, akasema kwa sauti ileile. Wazee wawili wakainamisha vichwa. Waliobaki wakaendelea kuvaa viatu, na kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Ilyasi yupi, mama?"

Akawashika mkono mmoja mmoja, akiwaelekeza Kamenge, njia ya hospitali, nyumba ya tatu. Wakaitikia ndiyo, ndiyo, wakaenda zao.