Waliomaliza Aibu

Uji wa ulezi ulikuwa umeanza kutokota mwiko ulipomponyoka Boke. Aliinama kuuokota, magoti yakalegea, akakaa chini kwenye udongo wa uani, na hapo akabaki. Baba mkwe wake, mzee Heche, alikuwa kwenye kigoda chake karibu na zizi, hatua chache tu kutoka pale, akiusubiri uji huohuo. Aliona kila kitu. Kisha akageuza uso akawatazama ng'ombe, kama anavyotakiwa mwanamume mwenye adabu zake mkamwana anapokuwa chini.

Boke alijaribu mwenyewe kwanza. Alipiga magoti, akaweka viganja ardhini, akainua kiuno, akashika goti, akashika paja, akawa anajipanda mwenyewe taratibu. Katikati ya safari nyonga ziligoma, akakaa tena. Basi ardhi ikamwinua. Udongo ulifura chini yake bila kelele, ukapanda hadi urefu wa kigoda, ukatulia. Boke akasimama, akaupangusa mwiko kwa kanga, akaendelea kukoroga.

"Shikamoo, tata," alisema alipouleta uji, akimwita baba kwa lugha yao. Alikiweka kikombe juu ya jiwe, maana hata kikombe hawakupokezana mkononi.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama tu. Ni hizi nyonga."

"Pole."

Hiyo pole Heche alikwisha kuisema mpaka ikachakaa, na alijua imechakaa, lakini hakuwa na nyingine. Kwa watu wake wa Susuni, baba hamgusi mke wa mwanawe. Hamshiki mkono, haingii nyumbani mwake, hakai alipokaa yeye. Akianguka, baba huita wanawake. Wasipokuwepo wanawake, baba husubiri.

Kuhusu ardhi hapakuwa na maswali. Kila mtu alijua kwamba ni marehemu mzee Kisyeri, baba yake Heche, aliyezikwa uani pale na ambaye enzi zake hakuvumilia kuona mgeni amekaa chini. Kila Boke alipoanguka palibaki kichuguu. Kuku walivipenda vichuguu hivyo, na juu yake ulezi ulikauka upesi. Abonyo, mwanamke jirani aliyekuwa akiuza dagaa sokoni Sirari, alilalamika kwamba baiskeli yake imekosa njia, kisha akazoea kuzunguka nyuma ya zizi.

Joram, mtoto wa Heche, alimwona Boke kwa mara ya kwanza Nyansurura, kwao binti huyo, kwaya ilipokuwa inaingia kanisani. Wenzake walitembea, yeye aliyumba. Kiuno kilikwenda huku, kikarudi huku, na Joram hakusikia mahubiri ya siku hiyo. Hata Heche, walipokwenda kuposa, aliusifia mwendo ule. Alisema binti anatembea kama mtu aliyeshiba. Baadaye madaktari wa Mwanza walimpima, wakasema ni ugonjwa wa misuli, wa kurithi, unaokwenda polepole na hauondoki, na kwamba huanzia nyongani. Kumbe walichokiposa ilikuwa dalili. Heche alipokumbuka sifa alizozitoa siku ile aliona haya peke yake.

Daktari wa mazoezi ya viungo alikuwa hospitalini Tarime, kijana wa Bukoba aliyeitwa Faustine. Heche ndiye aliyempeleka Boke, kwa kuwa Joram alikuwa machimboni Gorong'a akichimba dhahabu na wenzake kutoka mikoa mingine. Boke alilala kwenye kitanda cha mazoezi, Heche akakaa kwenye benchi akitazama ukuta.

Faustine alimfundisha kulala chali, kukunja magoti na kuinua kiuno polepole. Akamfundisha kulala ubavu na kuinua mguu wa juu. Alisema zoezi la pili linahitaji mtu wa kumshika nyonga isirudi nyuma, maana ikirudi nyuma misuli inayotakiwa hailali njaa wala haishibi, inakaa tu bila kazi. Alisema aache kabla hajachoka, kwa kuwa kwenye ugonjwa huu kuchoka kunakula nyama.

"Zoezi halirudishi kilichokwenda," alisema. "Linatunza kilichobaki. Ndiyo maana tunaanza mapema."

Boke akamweleza habari za ardhi.

"Inakuinua mpaka wapi?"

"Urefu wa kigoda."

"Ni juu mno. Iambie ikufikishe nusu, nusu nyingine umalize mwenyewe. Msuli ukikosa kazi unasahau." Akamgeukia Heche. "Mzee, nyumbani mchana nani yupo?"

"Mimi," Heche aliuambia ukuta.

"Basi utashika wewe."

"Mimi ni baba mkwe wake."

Daktari akasema basi atafutwe mtu mwingine, lakini atafutwe sasa.

Boke aliiambia ardhi, na ardhi ikapunguza. Mtu ndiye aliyekosekana. Abonyo alimshika asubuhi chache, halafu msimu wa dagaa ukaanza. Walimleta msichana wa kazi, akakaa wiki moja, akaona kazi ya kushika nyonga ya mtu mzima haina kichwa wala miguu, akavuka mpaka kwenda Migori. Joram alirudi mwisho wa mwezi, akasikia neno mazoezi, akakumbuka mafunzo yake ya mgambo. Alimpimia mkewe shamba jipya la mihogo. Alisema jembe ni mazoezi kuliko kulala kwenye mkeka, na alisema kwa upendo kabisa, kwa maana alitaka apone. Boke alilima mpaka mvua zikaisha. Mvua zilipoisha hakuweza tena kupanda ngazi ya kanisa. Joram alilia nyuma ya zizi, akarudi machimboni.

Ndipo Heche akalipeleka suala kwa wazee wa ukoo. Mwenyekiti wao alikuwa Daudi, mdogo wake, mtu wa kunyoosha mambo. Walichinja mbuzi, wakakaa tangu asubuhi. Jambo la kwanza lilikuwa la marehemu Kisyeri, ambaye naye ni baba mkwe, tena mkubwa, na ambaye kila siku alikuwa anamwinua mkamwana kwa kumshika mahali pasipotajika mbele za watu. Je, hakuvunja mwiko? Walibishana mpaka mbuzi akaisha. Wakaamua kwamba waliokufa wamemaliza aibu yao, hawana tena ya kuvunja, na Kisyeri aendelee.

Jambo la pili lilikuwa la Heche. Aliomba aruhusiwe kumshika mkamwana nyonga, mchana, hadharani, kwa kupitia blanketi.

"Ndani ya blanketi mna vidole," alisema Daudi.

"Kwa fimbo, je?"

"Fimbo ni mkono mrefu."

Wakafunga kikao kwa sala. Heche angeweza kuukataa uamuzi huo. Kwa umri wake wangemfanya nini, zaidi ya kumtoza mbuzi wa kutakasa na kumcheka kwa msimu mmoja? Alikuwa na mbuzi. Alichokiogopa ni kucheka kwao, na jambo hilo alilijua siku ileile, akiwa njiani kurudi nyumbani, na halikumfanya ageuke.

Akabaki na njia moja. Boke alipotandika mkeka mbele ya mlango wake na kulala ubavu, Heche alisogeza kigoda akampa mgongo, akawaelekea ng'ombe.

"Kiuno kinarudi nyuma," alimwambia ng'ombe mwekundu, aliposikia mkeka ukikwaruza.

Boke akakirudisha mbele.

"Sasa inua. Polepole. Huo si mguu wa kupiga penalti."

Boke alicheka, mguu ukashuka. Kwa muda mrefu walifanya hivyo. Ng'ombe mwekundu alizijua nyonga za watu kuliko ng'ombe yeyote wilayani. Lakini sauti haishiki, na kiuno kiliendelea kurudi nyuma, na mguu uliokuwa ukipanda juu ya sufuria la ugali ukawa unapita juu ya kisufuria cha chai. Wanaukoo wakaanza kusema kwa chinichini kwamba Boke arudishwe Nyansurura akapumzike kwao. Mke asiyeweza kuinamia jiko la mafiga, walisema, ni mgeni. Boke aliyasikia. Alisema yeye ameolewa hapa, haumwi kichwa, na hapumziki.

Joram alipopata dhahabu kidogo alisakafia nyumba kwa saruji ili mkewe asikanyage vumbi. Siku chache baadaye Boke aliangukia ndani. Ardhi ilisukuma kutoka chini, saruji ikapasuka ufa mmoja, basi. Heche alifika mlangoni na hapo akakoma. Alimwona miguu tu.

"Boke."

"Nipo, tata."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Nimeshindwa kugeuka. Mkono nimeulalia."

Heche aliweka mguu mmoja juu ya kizingiti. "Ninaingia."

"Usiingie, tata. Watasema mimi ndiye niliyekuita. Watapata sababu ya kunirudisha."

Heche akautoa mguu. Walikaa hivyo, yeye nje na Boke ndani, wakazungumza habari za mahindi, na bei za Sirari, na marehemu mama mkwe ambaye angekuwepo haya yote yasingekuwa habari. Abonyo alirudi sokoni jua limekwisha kuelemea magharibi. Alimgeuza Boke kwa mkono mmoja, akiwa bado amebeba ndoo ya dagaa kwa mkono mwingine. Ilikuwa kazi ndogo namna hiyo. Heche aliiona kwa macho yake, na usingizi ukamkataa tangu usiku ule.

Kesho yake alimwendea Daudi.

"Nikifa, mnizike mbele ya mlango wa Joram. Pale Boke anapotandika mkeka."

"Baba kwenye mlango wa mwanawe? Haijawahi kutokea."

"Si mlisema waliokufa wamemaliza aibu?"

Daudi alimaliza chai yake, akakubali. Uamuzi ule wa kikao ulikuwa wake mwenyewe.

Heche alikufa msimu wa maharage, kwa kifua. Ndugu walikuja mpaka kutoka ng'ambo ya mpaka, kwaya ikaimba, akazikwa Jumamosi pale alipopataka. Boke alilia akiwa kwenye kiti, akisema tata ndiye mtu pekee aliyemwelewa katika mji huo. Hakuna aliyezungumzia tena kumrudisha Nyansurura, kwa kuwa mwenye mji alikuwa amejilaza mlangoni kwake. Jumatatu, Boke alipotandika mkeka na kulala ubavu wa kushoto, Heche alianza kazi.

Chini kulikuwa na nafasi ya kutosha. Mzee Kisyeri alisogea kando kumpisha. Heche alipenyeza mikono kwenye udongo, udongo ukapanda kidogo pembeni ya mkeka, akamshika mkamwana wake nyonga kama daktari alivyoagiza, kwa uthabiti, isirudi nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu alipoolewa.

"Asante, tata," Boke alisema.

Heche alikuwa amekuta mfupa. Juu ya mfupa palikuwa na nyama kidogo tu, kama ile inayobaki baada ya wageni kula na kunawa. Alibonyeza huku, akabonyeza kule, akitafuta nyonga ya binti aliyeyumba kwenye kwaya, hakuipata. Aliikumbuka sauti ya daktari kwamba zoezi linatunza kilichobaki. Mwaka ule, kwenye benchi, alipokuwa akitazama ukuta, vilikuwepo vingi vya kutunza. Mikono hiihii ilikuwepo pia, ina joto, na mchana kutwa haikuwa na kazi. Heche alijuta kwa namna ambayo hakuwahi kujuta alipokuwa hai, maana walio hai huwa na mambo mengine ya kufanya.

Boke aliinua mguu. Ulipanda kiasi cha kifaranga kupita chini yake. Akaushusha, akapumzika, akainua tena, kiuno kikakaa mahali pake sawasawa. Aliacha kabla hajachoka.

Sasa ilibaki nyonga ya kushoto, na ili kuifanyia zoezi ilibidi ageukie ubavu wa kulia. Kugeuka kulikwisha kumshinda. Heche alimsukuma kutoka chini, lakini chini hakugeuzi mtu, kunamwinua tu. Alitakiwa mtu wa juu, wa kumvuta bega.

Daudi alikuwa anapita kwenda kuangalia ng'ombe, ambao sasa walikuwa chini ya uangalizi wake. Alisimama mbali kidogo, kwa heshima.

"Mkamwana, naona mzee anakusaidia."

"Shikamoo, tata. Ananisaidia."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Naendelea. Nataka kugeuka tu."

Daudi aliangalia njia ya Sirari, akaona haina mtu.

"Pole," alisema. "Abonyo atarudi jioni."

Akaweka mikono nyuma, akaelekea zizini. Boke alibaki ameulalia ubavu wa kushoto. Chini yake Heche aliendelea kuishika nyonga iliyokwisha kufanyiwa zoezi.