Kila Jumatatu Nembo Haipo

Jumatatu asubuhi fundi wa kompyuta alifika kwenye karakana ya shemeji yake akiwa hoi hata kabla ya kuanza kazi. Wiki iliyopita yote alizunguka na begi lake, hii imegoma, ile haiwaki, na kila mteja anamwambia ni jambo dogo tu.

Shemeji yake, mjane wa kaka yake, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Nyuma yake mashine ya kudarizi ilikuwa kimya, sindano juu.

"Haipo tena," alisema. "Nembo ya chuo cha wauguzi. Nimeichora mara tatu, shemeji. Mara tatu!"

"Labda hukuhifadhi."

"Ndivyo ninavyojiambia kila Jumatatu." Alicheka, cheko kavu. "Mama yangu naye alianza hivihivi. Mara chumvi kwenye chai, mara kaacha mlango wazi, mwishowe akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Leo nampigia binti yangu aje achukue karakana. Kichwa changu ndiyo basi tena."

Fundi alivuta kiti.

Programu ya kudarizi ilikuwa ya kizamani, ya enzi za kaka yake, na kwenye mfumo mpya haikukubali kufunguka hata ungeibembeleza vipi. Kwa hiyo mwezi uliopita, kompyuta kuukuu ilipokata roho, fundi aliunda kompyuta pepe ndani ya kompyuta mpya: ndani ya dirisha moja kwenye kioo cha kompyuta, mfumo wa zamani ukawa unaishi kama mpangaji, ukidhani uko peke yake nyumbani. Shemeji aliubatiza "babu wa uani". Fundi aliionea fahari kazi ile. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza.

Alipekua folda moja baada ya nyingine. Hakukuwa na faili hata moja la baada ya siku ile aliyomweka babu ndani.

"Jioni huwa unamfungaje huyu?"

"Nafunga dirisha, babu analala. Asubuhi namkuta palepale tulipoishia. Ila Ijumaa nazima kila kitu kabisa, kama alivyofanya marehemu. Nazima, nafunika kitambaa, naenda zangu."

Mkono wa fundi ukatulia juu ya kipanya. Alifungua mipangilio, akashuka mstari kwa mstari, ingawa alishajua atakachokikuta. Siku ile ya kwanza, akihofia virusi vya flashi za wateja, aliuwekea mfumo ule sharti: kila ukizimwa kabisa, utupe vyote vilivyoongezwa, urudi ulivyokuwa mwanzo. Lilikuwa jaribio la saa moja. Akasahau kuliondoa.

Angeweza kuliondoa sasa hivi, aseme tu, "Ijumaa uwe mwangalifu," na hakuna ambaye angejua. Alikuwa amechoka, na jina lake ndilo lililomletea wateja. Akageuka. Shemeji alikuwa ameshika simu, anatafuta namba ya binti yake.

"Usimpigie."

"Kwa nini?"

"Ulihifadhi. Kila wiki ulihifadhi. Aliyekosea ni mimi." Akamweleza yote, bila kupunguza.

Shemeji aliiweka simu mezani, akauliza taratibu, "Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

"Kizima kuliko changu."

"Wiki tatu, we mwanamume! Wiki tatu najitajia majina ya wajukuu bafuni, nisije nikayasahau!" Alimchapa begani kwa rula, si kwa nguvu, akafuta macho kwa kiganja. "Na kazi yangu itarudi?"

"Hairudi, shemeji. Nisamehe."

"Msamaha utaupata jioni. Toa hilo sharti lako kwanza."

Akalitoa. Akazima, akawasha, akazima tena, akawasha, mpaka shemeji akaridhika kwamba faili la majaribio limebaki.

"Sasa kaa vizuri. Unachora wewe." Alifumba macho, akaegemea kiti. "Anza na taa. Mwali una mishono arobaini na mbili, imelalia kushoto. Ukingo wake kumi na sita. Halafu jani la kwanza, thelathini na moja, na usiukaze uzi."

"Polepole, shemeji."

"Thelathini na moja, nimesema. La pili thelathini na tatu."

Fundi aliinamia kioo, macho yakimwasha, akawa anafuata kadiri alivyoweza.