Nilimtoa Mume Wangu, Nikapewa Nyota

Mimi sikumwuza mume wangu. Watu wa hapa Sapa wana midomo, wakianza kusimulia hawajui breki. Nilimbadilisha tu, yeye na vijana wawili, nikapewa Jerwin wa Ilaya, ng'ambo ya daraja, na katika ligi yetu ya mpira wa kikapu ya sikukuu ya mtakatifu hilo linaruhusiwa.

Jerwin huyo akishika mpira hata kina mama wa rozari wanasimama. Na sisi Sapa hatujawahi kushinda tangu nianze kuisimamia timu. Kila mwaka nguruwe wa ubingwa anavuka daraja kwenda Ilaya, sisi tunabaki kunusa moshi. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka kabisa!

Basi Eufemio, fundi pikipiki na meneja wa Ilaya, akaja kwenye mgahawa wangu, akaagiza batchoy, zile tambi zangu za supu, akanywa supu yote ndipo akasema shida yake. Mzee wa timu yao kateguka kiuno. Na sheria ya ligi ni kwamba robo yote ya pili kila timu iwe na mchezaji mmoja aliyevuka miaka hamsini. Timu isiyo naye haichezi.

"Wewe una wazee wawili, Merlinda," akasema. "Nipe Crisanto na wale mapacha. Chukua Jerwin."

"Jerwin? Usinitanie!"

"Nyota bila mzee nitamfanyia nini? Usajili unafungwa kesho."

Crisanto, mume wangu, alikuwa hapo hapo anakata vitunguu. Nikamgeukia. "Baba, unasemaje?"

"Wewe ndiye meneja," akasema, na kisu hakikusimama.

Mwanamke yeyote aliyeolewa anaijua sauti hiyo. Niliisikia, nikajifanya kiziwi, nikampa Eufemio mkono. Crisanto hufunga kikapu kimoja msimu mzima, tena kwa mikono miwili kutoka kifuani, kama anamwaga maji ya vyombo. Nani asingekubali?

Nyumba ikapoa. Crisanto hakununa, angenuna ningemweza. Alikuwa na adabu! "Samahani, naomba chumvi." "Asante sana." Jioni anavaa fulana ya kijani ya Ilaya, anavuka daraja kwenda mazoezini, anakula huko huko. Nikimwuliza mazoezi yamekuwaje, ananijibu, "Siwezi kukwambia, wewe ni mpinzani."

Huku timu yangu inaua kila anayekuja. Jerwin alinipa vyote nilivyovitaka. Lakini nikirudi nyumbani na ushindi wangu, sina wa kumsimulia. Nilikuwa naosha masufuria peke yangu, naringa peke yangu.

Fainali ikawa sisi na Ilaya. Robo ya pili Crisanto akaingia, magoti yote yamefungwa bandeji, na watu wa Sapa wakaanza. "Babu, kanywe dawa!" "Msaliti huyo!" Nilitamani kuwazaba vibao. Msaliti vipi, wakati ni mimi niliyemtoa?

Mpira ukamfikia kwenye kona. Akarusha, mikono yake ile ile miwili. Ukagonga ubao, ukazunguka chuma, ukaingia. Naye, kwa mazoea ya ndoa nzima, akageuka kunitafuta kwenye benchi la Sapa, kidole juu. Halafu akakumbuka. Kidole kikashuka.

Jamani, moyo uliniuma! Nikajikuta nimepanda juu ya benchi napiga kelele, "Huyo ni mume wangu! Huyo!" Timu yangu yote imenitumbulia macho.

Mapumziko yalipofika nikakata uwanja katikati hadi kwa Eufemio. "Mchukue Jerwin wako. Nirudishie Crisanto."

"Jerwin kwa babu huyu?" Eufemio akanitazama kama nina homa. "Na nini tena?"

"Na nguruwe, tukimpata."

Kumbe mtangazaji, mshenzi yule, alikuwa ametusogezea kipaza sauti. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Jerwin akaja mbio. "Mama, yaani mimi nabadilishwa na babu? Tena unaongezea nguruwe?"

"Nyamaza, mwanangu. Wewe hujui hata kukata vitunguu."

Eufemio alicheka hadi akafuta machozi. "Usajili umefungwa, Merlinda. Na hata ungekuwa wazi, mzee mwingine sina."

Crisanto alikuwa kwenye benchi lao, amejifunika taulo kichwani. Akalitoa. Alikuwa anacheka kile kicheko chake cha mabega, ambacho sikuwa nimekiona tangu siku ya vitunguu.

"Mama, unapunjwa mchana kweupe," akasema. "Nyota na nguruwe? Mimi ningerudi kwa bakuli moja la batchoy."

"Basi njoo ule!"

"Nenda benchini kwako kwanza. Tuna kazi ya kuwafunga."

Wakatufunga kweli, kwa pointi moja. Nguruwe akavuka daraja tena, na Sapa nzima ikanitupia lawama, nami nikawajibu wote, mmoja mmoja.

Bado nawajibu, Crisanto akaingia mgahawani na fulana yake ya kijani, mguu wa nguruwe wa kuchoma begani. Akauweka mezani, akavuta kiti chake, nami nikampakulia batchoy bila kuombwa.

"Mwakani ukitaka kunitoa," akasema, macho kwenye bakuli, "uniulize mara ya pili. Ya kwanza huwa nasema uongo."

"Mwakani hutoki," nikamwambia. "Waje na nyota hata watano."

Akakata kipande cha ngozi, kile kikavu kinacholia chini ya meno, ambacho kila sikukuu tunakigombania. Akakiweka kwenye sahani yangu.